Gari Lililokataa Mguu Mwepesi

Beyshen alikuwa mfugaji wa nyuki, na mfugaji wa nyuki haendeshi gari kama watu wengine. Ukiwa umefunga tela la mizinga nyuma, kila kona unaizunguka kama umempakata mtoto aliyelala. Ukifunga breki ghafla masega yanakatika, asali inawamwagikia makinda, na nyuki wakifika mlimani hawana habari na maua tena, wana habari na wewe. Kwa hiyo mji mzima wa Toktogul ulimjua Beyshen kwa upole wake barabarani. Wazee waliofanyiwa upasuaji hospitalini walikuwa wanamsubiri yeye awarudishe nyumbani, hata kama teksi zilikuwa zimejaa pale mlangoni.

Gari lake lilikuwa la Kirusi, rangi ya maziwa, la zama za Umoja wa Kisovieti. Alilitunza kama anavyotunza nyuki, na lenyewe halikuwa na makuu. Lakini mwaka ule, theluji ilipoanza kuyeyuka na yeye kuanza kupiga hesabu za kupandisha mizinga, likaanza kumkatalia.

Kuwaka liliwaka vizuri. Likiwa limesimama uani, liliunguruma kwa utulivu. Tatizo lilianza likishashika barabara kuu. Beyshen akiwa ametulia, mguu umeigusa tu pedeli ya mafuta, gari linashtuka, linakohoa mara mbili tatu, linanyamaza, linashtuka tena. Akiachia kabisa, linarudi. Akigusa tena polepole, linakohoa.

Alisafisha kabureta. Akabadilisha plagi zote. Akanunua koili mpya, ile chupa ndogo inayoupandisha umeme wa betri mpaka uweze kuruka kwenye plagi, maana kila fundi aliyesimama kando ya gari lile alitikisa kichwa na kusema, "Koili hiyo, mzee." Koili mpya ikafungwa. Gari likakohoa vilevile.

Na hilo lingevumilika, kama si Melis.

Melis alikuwa mdogo wake Zuurakan, mke wa Beyshen. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita kondoo kutoka ng'ambo ya bonde, na aliendesha gari kama anayefukuzwa. Siku ya kupandisha mizinga ya kwanza kwenda bonde la Chychkan, alikuja kusaidia kunyanyua. Asubuhi hiyo, katikati ya mlima, mto ukivuma chini upande wa kulia, gari lilikohoa mpaka likazima kabisa. Jua lilikuwa linapanda. Ndani ya mizinga iliyozibwa milango, nyuki walianza kuvuma kwa sauti ya juu, ile sauti ambayo kila mfugaji anaiogopa, kwa sababu joto likizidi wanakufa humohumo.

"Shuka, shemeji," Melis alisema. "Shuka unipishe. Hili gari linataka mwanaume."

"Linataka fundi."

"Fundi ameshindwa, koili imeshindwa, plagi zimeshindwa. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho hujabadilisha, nacho kimekaa nyuma ya usukani kimevaa kofia."

Beyshen akashuka. Melis akawasha, akakanyaga mafuta mpaka chini, na lile gari likapanda mlima kama mbuzi aliyeona majani. Halikukohoa hata mara moja. Tela liliruka, mizinga iligongana, na Melis alikuwa anaimba. Walipofika juu na kufungua milango ya mizinga, nyuki walitoka na hasira zao zote. Melis aliumwa sikioni, puani, na mahali pengine ambapo hakupataja mbele ya dada yake, lakini hata hivyo alikuwa anacheka.

Wiki iliyofuata kulikuwa na sherehe kwa jirani aliyemtahirisha mjukuu wake. Watu walikuwa wamekaa kuzunguka nyama na borsok, maandazi madogo ya kukaanga, zilizomwagwa mezani, na Melis, sikio bado limevimba, akasimama kusimulia.

"Jamani, gari la shemeji yangu ni zima kabisa! Linachofanya ni kusinzia. Dereva anasinzia, na lenyewe linasinzia. Mimi nililiamsha tu!"

Watu wakacheka. Beyshen naye akacheka, maana shemeji akikutania mbele za watu unacheka, hiyo ndiyo haki yake. Lakini kicheko hakikufika moyoni. Alikuwa amekaribia miaka sabini. Siku za karibuni alikuwa ameanza kusahau alipoweka miwani, na usiku goti la kulia lilikuwa linamuuma. Akaanza kujiuliza kama kweli mguu wake ulikuwa umepoteza ujuzi bila yeye kujua. Jioni ile alimpa Melis ufunguo wa gari, na njiani kurudi nyumbani alikaa kiti cha nyuma. Gari likaenda kama upepo.

Zuurakan aliyaona yote hayo. Kesho yake asubuhi, alipokuwa anammiminia chai, alisema bila kumtazama:

"Baba Aychurok, lipeleke kwa Anarkul."

"Anarkul ni fundi televisheni."

"Na ndani ya televisheni kuna nini, kabichi? Si umeme? Kila mtu anakwambia ni koili, na hakuna hata mmoja aliyeiangalia hiyo koili inafanya nini. Wanaitazama kwa nje tu, kama mtu anayenunua tikiti maji."

Anarkul alikuwa mwanamke aliyesoma na Beyshen darasa moja. Alifanya kazi kwenye mitambo ya simu mpaka mitambo ile ilipoondolewa, kisha akafungua karakana yake ndani ya kontena la chuma nyuma ya soko, akawa anatengeneza redio, televisheni na chochote chenye waya. Juu ya meza yake kulikuwa na mashine ya kijivu, nzito, yenye kioo kidogo cha kijani kinachochora umeme kwa mstari wa mwanga. Watu wa sokoni waliiita televisheni isiyo na habari mbaya.

Aliisikiliza habari ya Beyshen yote, na mizinga, na Melis, na koili mpya. Kisha akauliza swali moja.

"Melis akiendesha halikohoi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote uliyoniambia."

"Zuri kwa nani?" Beyshen aliuliza kwa uchungu.

Anarkul akacheka. "Gari linalokohoa ovyoovyo linamchosha fundi. Linalochagua mtu lina sababu yake. Kesho nitakuja na mashine."

Alikuja kweli, mashine ikiwa kwenye kigari cha kubebea viazi. Melis alikuwepo pia; alikuwa amesikia na asingekosa. Anarkul alifungua boneti, akabana kishikio kimoja kwenye chuma cha gari na kingine kwenye ncha ndogo ya koili, upande unaotoka kwenda kwenye distibuta, chombo kinachogawa umeme kwa plagi, akazungusha vitufe. Beyshen akawasha. Kwenye kioo cha kijani ukatokea mchoro, ukatulia.

"Njoo uone," Anarkul alimwita. "Usiogope, haukuumi. Hapa mstari uko chini, umetulia: platini, vile vyuma viwili vinavyounga na kukata umeme, zimegusana, koili inajaza umeme. Hapa platini zimeachana, ona mlima huo unavyopanda wima. Hapo ndipo cheche inaporuka. Halafu vilima vidogo vinapungua, vinapungua, mpaka tambarare. Kisha inaanza upya."

Beyshen aliinama, akavua kofia. Miaka yote alikuwa ameusikia ule mlio wa injini, na hakuwahi kufikiri kwamba una sura. Mlima, vilima, tambarare. Mlima, vilima, tambarare. Kila mmoja sawa na mwenzake.

"Ni mzuri," alisema.

"Mzuri sana. Koili yako ni nzima, na ile ya zamani uliyoitupa nadhani ilikuwa nzima pia."

"Sikuitupa."

"Basi uiweke."

Melis akakohoa kwa makusudi. "Dada Anarkul, samahani. Kama mchoro ni mzuri, koili ni nzima, na gari ni zima, si tunarudi palepale pa yule mwenye kofia?"

"Mashine bado haijaliona gari likiumwa," Anarkul alijibu. "Mgonjwa unampima akiwa na homa. Tutakwenda nalo barabarani."

Wakapitisha waya kwenye pembe ya boneti hadi ndani kupitia dirishani, mashine wakaiunga kwenye betri ya ziada iliyowekwa sakafuni, na Anarkul akakaa kiti cha mbele akiwa ameipakata kwenye blanketi. Melis akajibanza nyuma bila kualikwa. Zuurakan alisimama getini akiwatazama wakiondoka, mikono kwenye aproni, na akasema gari zima linafanana na watu wanaopeleka bata mzinga hospitalini.

Walishika barabara ya kuelekea ziwani. Beyshen aliendesha kama alivyozoea, mguu umegusa tu. Hawakufika mbali. Gari likashtuka.

"Hapo!" Anarkul alisema. "Endelea hivyohivyo, usibadilishe mguu."

Likashtuka tena, likakohoa. Anarkul alikuwa ameinamia kioo mpaka pua inakigusa.

"Unaona nini?" Beyshen aliuliza, macho barabarani.

"Naona kitu cha ajabu. Koili ikichoka, mlima unakuwa mfupi, unanyauka, na vilima vinafifia. Huu haunyauki. Unakatwa. Mstari umetulia kule chini, koili inajaza, mara pap, mlima umeota katikati ya tambarare pasipo pake, halafu hakuna kitu. Kama mtu kachukua mkasi. Melis, kaa wewe sasa."

Wakabadilishana. Melis akaondoka kwa kishindo, mawe madogo yakiruka nyuma, na Anarkul akaikumbatia mashine yake kwa mikono miwili.

"Dada, mchoro?" Melis alipiga kelele.

"Kama wa kitabuni! Punguza, utaniua!"

Melis akasimama kando ya barabara, akageuka nyuma akiwa na uso uliojaa ushindi. "Shemeji, mimi sisemi kitu. Mashine imesema."

Beyshen alitazama nje dirishani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na farasi wawili wanajikuna shingo kwa shingo. Alihisi kama mtu aliyeletwa mbele ya hakimu, na hakimu ameshafunga daftari.

Lakini Anarkul hakuwa amemaliza. "Mashine haijui nani ameshika usukani," alisema. "Inajua umeme tu. Melis anakanyaga sana, unafika. Beyshen anakanyaga kidogo, unakatwa. Beyshen, wewe unalijua gari hili kuliko mimi. Mguu ukiwa mwepesi, ni kitu gani ndani ya injini kinachojongea, ambacho mguu ukiwa mzito hakijongei?"

Hapo ndipo Beyshen alipoacha kuwatazama farasi.

Midomo yake ilikuwa inatembea, kama anavyofanya anapohesabu fremu za mzinga. Kisha akafungua mlango, akatoka, akafungua boneti, na wenzake wakamfuata.

"Huu hapa," alisema, akigusa mpira mwembamba mweusi uliotoka kwenye kabureta na kuingia kwenye kikopo cha bati kilichoshikamana na distibuta. "Mguu ukiwa mwepesi, injini inavuta hewa kupitia mpira huu. Inavuta kikopo, kikopo kinavuta ile sahani ambayo platini zimekaa juu yake, inazunguka kidogo ili cheche iwahi. Ukikanyaga sana mvuto unaisha, sahani inarudi mahali pake. Mimi naendesha polepole, kwa hiyo kwangu inazunguka wakati wote. Kwa Melis haizunguki kamwe."

Anarkul alimtazama mwenzake wa darasa, akatabasamu polepole. "Na juu ya sahani inayozunguka kuna waya?"

"Kuna waya mmoja. Mwembamba."

"Basi tuizungushe bila kuendesha. Mpira huu mtu anaweza kuuvuta kwa mdomo?"

Wote wawili wakageuka kumtazama Melis.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye mwanaume ambaye gari linamtaka," Beyshen alisema.

Kwa hiyo Melis, mtu mzima mwenye wajukuu, aliinama kando ya barabara kuu akiwa na mpira mweusi mdomoni, injini ikiunguruma, na Anarkul akaiweka mashine juu ya madigadi ya gari ili wote waone. Mlima, vilima, tambarare.

"Vuta."

Melis akavuta, mashavu yakaingia ndani. Mchoro ukakatika. Injini ikazima papo hapo.

Beyshen akawasha tena.

"Vuta polepole."

Melis akavuta polepole. Injini ikakohoa, kikohozi kilekile cha mlimani. Akaachia, ikaunguruma vizuri. Akavuta, ikakohoa. Akaachia, ikapona. Lori la makaa ya mawe lilikuwa linapita. Dereva akapunguza mwendo, akachungulia nje.

"Ndugu, mnakunywa petroli?"

"Tunamfundisha kupiga filimbi!" Beyshen alimjibu, na safari hii kicheko kilimtoka tumboni mpaka akashika boneti.

Melis akautema mpira, akajifuta midomo. "Yaani ni mimi sasa ninayelizima."

"Ni wewe, shemeji. Gari lilikuwa zima mpaka ulipoligusa."

Wakalirudisha gari nyumbani, Melis akiendesha, mguu mzito. Uani Beyshen akafungua klipu za distibuta, akainua kifuniko. Waya wenyewe ulikuwa hapo, mfupi kama kidole, umevikwa kitambaa, na kwa macho haukuwa na kasoro yoyote. Mafundi kumi wangeutazama na kuupita. Anarkul aliushika kwa vidole viwili, akaukunja hapa, akaukunja pale, na katikati ukalegea kama uzi wa tambi. Akaukata, akachana kitambaa. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote, ncha zinagusana tu. Kila sahani ilipozunguka zilivutwa zikaachana. Iliporudi zikagusana tena.

"Miaka yote sahani imekuwa ikizunguka, inazunguka," Beyshen alisema, akiushika ule waya kiganjani. "Kwa sababu mimi ndiye ninayeizungusha."

"Ndiyo," Anarkul alisema. "Melis angeliendesha gari hili miaka mingine mia, waya usingekatika. Angevunja kila kitu kingine, lakini waya ungebaki."

Alikuwa na waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, aliokuwa ameutoa kwenye kifaa cha masikioni cha waendesha simu wa zamani, uliotengenezwa ili ukunjwe siku nzima. Akaupima, akauchomea risasi ncha zote mbili, na Beyshen akaufunga kwa mkono wake mwenyewe, akihakikisha umelegea kiasi cha kutosha. Wakawasha. Melis akainama bila kuambiwa, akavuta mpira mpaka macho yakamtoka. Mlima, vilima, tambarare. Mchoro ulisogea kidogo upande, kama mtu anayepisha mwenzake kwenye benchi, na ukaendelea.

Zuurakan alitoka na sinia la chai, mkate wa moto na kaimak, malai nzito ya maziwa, wakakaa palepale chini ya mti wa aprikoti, tunda ambalo huko huitwa uruk, maua yakiwa ndiyo kwanza yanapukutika. Alimtazama mumewe aliyekuwa anapaka kaimak kwenye mkate na mikono yake michafu ya grisi, na hakumkemea.

"Nani atakwenda kuwaambia watu wa sherehe?" aliuliza.

"Nitasimulia mimi," Melis alisema. "Nisimulie vizuri kabla hamjasimulia nyinyi vibaya. Nitasema shemeji yangu anaendesha kwa upole mpaka amekata waya wa shaba kwa upole. Hiyo ni sifa au si sifa?"

"Na mpira?" Beyshen aliuliza.

"Mpira hauhusiki na hadithi."

"Unahusika sana," Anarkul alisema. "Mimi nitakuwepo."

Anarkul alikataa kuchukua chochote, akasema anachotaka ni nafasi ndani ya gari siku mizinga iliyobaki itakapopandishwa. Tangu mitambo ya simu iondolewe hakuwa amepanda mlimani kuona maua. Zamani yeye na wenzake walikuwa wanakwenda kukagua nguzo za simu.

Wakaenda jua lilipoanza kuchomoza, Beyshen kwenye usukani, Anarkul kando yake, Zuurakan nyuma na vikapu vya chakula. Melis alifuata na gari lake mwenyewe, na kwa heshima alikaa nyuma ya tela njia nzima, jambo ambalo kwake lilikuwa mateso. Beyshen aligusa pedeli kwa ncha ya kiatu. Injini ilivuta bila kukohoa, bila kushtuka, kona baada ya kona, maji ya Chychkan yakipiga mawe upande wa chini. Mpanda farasi mmoja aliwapita kwenye mwinuko, akainua mjeledi kuwasalimia, na Beyshen akamsalimia bila haraka yoyote.

Juu, bonde lilikuwa limefunikwa na maua ya rangi ya waridi na ya njano mpaka kwenye ukingo wa theluji. Wakashusha mizinga mmojammoja, wakaipanga migongo ikielekea upepo. Beyshen alipofungua milango, nyuki walitoka taratibu, wakasimama kwenye ubao wa kutua, wakajipangusa, kisha wakaruka. Hakuna aliyeumwa, hata Melis, ingawa alikuwa amejifunga shuka kichwani kwa tahadhari.

Ndipo Beyshen alipokumbuka kwamba mkewe hajashuka. Alirudi kwenye gari. Zuurakan alikuwa amelala kiti cha nyuma, shavu juu ya kikapu cha mayai, na mayai yote yalikuwa mazima.

Akamgusa bega. Zuurakan akafumbua macho, akatazama nje, akaona maua.

"Tumefika? Mbona hukuniamsha? Nilitaka kuona njia!"

"Tutairudia jioni," Beyshen alisema, akampa mkono ashuke.